Makapu Yaliyosinyaa

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani uliokuwa ukiitwa Kifumbwe aliishi mwanamke mcha Mungu, jina lake Bi Thuwaiba binti Shee. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa na karama za kusimuliwa. Alisali sala zake, alifunga Ramadhani yake, na siku zilizobaki alisuka ukindu. Mumewe alikufa kwa ndui. Ndui hiyohiyo ilipita mtaani kwao nyumba kwa nyumba ikawachukua wanaume, ikawaachia wanawake watoto na vikongwe wa kulisha. Watu wakauita mtaa ule Mtaa wa Wajane, na wajane wale walikula kwa kazi moja tu, nayo ni makapu.

Yafaa kueleza kwanza makapu yenyewe yalikuwaje. Sokoni Kifumbwe nafaka haikupimwa kwa mizani. Ilipimwa kwa kapu la pishi tano, na si kapu lolote lile. Wajane walikata ukindu mwituni, wakauanika juani mpaka ukawa mweupe, wakauchana, wakasuka kili, yaani mikanda mirefu ya ukindu, kisha wakaishona mikanda hiyo kwa kuizungusha kutoka kitakoni kwenda juu. Kapu lilipokaribia kimo chake lilipelekwa kwa Bi Thuwaiba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekabidhiwa na kadhi pishi ya mbao. Alimimina mtama pishi tano, akausawazisha kwa kiganja, na pale mtama ulipoishia ndipo alipokata na kushona ukingo kwa uzi mwekundu. Akimaliza husema, "Nashuhudia kuwa hili ni kamili." Kapu lisilo na ukingo mwekundu halikupimiwa mtu nafaka Kifumbwe, na mnunuzi aliyeuona ukingo ule hakuuliza tena.

Ukaja mwaka ambao masika yalifika na hayakutaka kuondoka. Mvua ilinyesha mpaka mtama ukaota ukiwa bado kwenye masuke, kisha ukaoza. Nafaka iliyobaki ikawa ile ya kuletwa kutoka nchi nyingine na wafanyabiashara wakubwa, na bei yake ilikuwa yao. Mtaa wa Wajane ulipata hasara mara mbili, maana mvua ile iliyoozesha mtama ndiyo iliyozuia ukindu kukauka. Ukindu mbichi hausukiki, na asiyesuka hali.

Katika nyumba iliyopakana na ya Bi Thuwaiba alikaa mjane aitwaye Mwana Esha, mwanamke mwenye ulimi mkali na watoto watano. Wa mwisho wao, Shaibu, alikuwa ameshaanza kutembea, lakini njaa ilipozidi aliacha. Alirudi kukaa kitako sakafuni kama mtoto wa miezi sita, miguu yake imelala mbele yake kama si yake. Mwana Esha ndiye aliyetoa shauri.

"Jua halipo, moshi upo," aliwaambia wenzake. "Tuutundike ukindu juu ya meko. Watoto wangu wamekauka bila kuanikwa, sembuse ukindu?"

Wanawake wakacheka, kicheko cha watu ambao hawakula tangu jana. Kisha wakafanya alivyosema. Ukindu ukatundikwa juu ya meko, ukageuka rangi ya kahawia, na ulipopapaswa ulikuwa mkavu. Bi Thuwaiba aliupapasa yeye mwenyewe, akaukunja, akaunusa. Hakuona kasoro. Wakasuka, wakashona, wakaleta makapu. Akamimina pishi tano, zikafika pale zinapopaswa kufika. Akashona uzi wake mwekundu, akashuhudia. Na siku hiyo aliposhuhudia, alisema kweli. Hili lazima lieleweke, kwa sababu katika kisa hiki hakuna kapu hata moja lililoshonwa kwa nia mbaya.

Mvua ikakoma. Likatoka jua la kiangazi, jua kali lililoipasua hata ardhi ambayo juzi ilikuwa tope. Na hapo mambo ya Mtaa wa Wajane yakaanza kuwaendea vizuri ghafla. Bwana Faki bin Omari, tajiri wa nafaka ambaye hakuwa amewahi kukanyaga mtaa ule hata siku ya maziko, alikuja mwenyewe kwa miguu yake.

"Nataka makapu mengine," alisema. "Ya moshi, kama haya. Yale meupe ya zamani kaeni nayo."

"Na kwa nini ya moshi, Bwana?" aliuliza Mwana Esha. "Au yananukia?"

"Yana nguvu," alijibu Bwana Faki. "Nami nalipa kwa nafaka, papo kwa papo."

Wajane wakashukuru. Hata lilipokuwapo jua waliendelea kutundika ukindu mekoni, kwa kuwa mnunuzi ndivyo alivyotaka. Wafanyabiashara wengine nao wakaja kutafuta yayo hayo ya moshi. Meko ya mtaa ule yakapikiwa tena. Shaibu alishika ukuta siku moja akasimama, na baada ya siku kadhaa akawa anaufuata ukuta ule kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe la kusagia, huku mama yake akimtazama bila kusema neno, kana kwamba akisema atamwangusha. Bi Thuwaiba alisujudu sijida ya shukrani. Aliamini kuwa ile ni baraka.

Sasa, mwanamke anayepika kila siku huvijua vyombo vyake bila kuvipima. Bi Thuwaiba alikuwa na mtungi wa kuwekea nafaka, na kapu moja la mtama likimiminwa humo hufika shingoni. Katika mwezi wa Shaabani alipokea ujira wake kwa Bwana Faki, kapu moja, akalibeba, akamimina. Mtama haukufika shingoni. Akautikisa mtungi, akatazama kama umepasuka. Haukupasuka. Akajifunga kanga yake, akalichukua kapu lile, akarudi sokoni moja kwa moja, maana hakuwa mwanamke wa kulalamikia nyumbani jambo la sokoni.

"Bwana Faki, umenipunja."

Watu waligeuka. Bwana Faki hakukasirika. "Mimi, Bi Thuwaiba?"

"Wewe. Mtungi wangu haukufika shingoni."

"Labda mtungi umenenepa. Mwaka huu nyote mtaani kwenu mmenenepa."

Watu wakacheka. Bwana Faki akachukua kapu lilelile, akalijaza mtama mbele yake, akalitikisa, akajaza tena, akasawazisha kwa kiganja.

"Tazama kwa macho yako. Limejaa halikujaa?"

"Limejaa."

"Na ukingo huu kaushona nani?"

Akautazama ule uzi mwekundu. Mishono ilikuwa imelalia kushoto, kama alivyofundishwa na mama yake. Hakuna mwingine Kifumbwe aliyeshona hivyo.

"Mimi," alisema.

"Basi aliyekupunja ni nani?"

Akarudi nyumbani. Akachukua pishi ya mbao na kapu moja la moshi lililokuwa limening'inia ukutani tangu masika. Akalijaza mpaka ukingoni, kisha akautoa mtama ule pishi kwa pishi. Zilitoka nne, na ya tano haikufika hata nusu. Akarudia. Akaenda kuazima makapu ya majirani, kwa kisingizio cha kuitazama mishono yake, akapima yote. Yale meupe ya miaka ya nyuma yalikuwa kamili. Ya moshi yote yalikuwa yamepungua. Ndipo akaelewa. Moshi ulikuwa umekausha ngozi ya ukindu tu, ndani ulibaki na maji yake. Jua la kiangazi lilipoyafyonza maji yale, kila mkanda ulisinyaa kidogo, upana wa unywele pengine, lakini mikanda ilizunguka kapu kutoka chini hadi juu, na unywele kwa unywele kimo kikashuka. Uzi mwekundu ukashuka nacho, ukiendelea kushuhudia.

Asubuhi yake Bwana Faki alipita mlangoni pake kama mtu aendaye kwingine.

"Umepima," alisema.

"Nimepima. Wewe ulijua?"

"Nauza nafaka tangu sijaota ndevu, Bi Thuwaiba. Nisijue kapu langu?"

"Na ukanyamaza."

"Mimi nanunua kapu lililoshuhudiwa. Sikushuhudia mimi. Siku uliposema kamili, lilikuwa kamili. Lililotokea baadaye ni la jua, na jua si langu wala si lako."

"Yaondoe sokoni, Bwana Faki. Mwogope Mungu."

"Niuondoe uji wa mtaa wako mzima kwa mkono wangu? Uondoe wewe. Ulimi unao." Akasimama kidogo. "Au endelea kushona. Hakuna atakayekuuliza."

Bi Thuwaiba alimweleza Mwana Esha peke yake. Walikuwa wamekaa uani, Shaibu akiufuata ukuta wake. Mwana Esha alisikiliza mpaka mwisho, sindano ya kushonea ikiwa bado mkononi.

"Kumbe ndiyo maana anayapenda," alisema. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, na Bwana Faki, na Mola."

"Bwana Faki hatasema. Mimi sisemi. Na Mola ametutazama mwaka mzima, dada, hakusema kitu."

"Mstaghfiri Mungu, Esha."

"Nimestaghfiri mwaka mzima. Sasa nataka uji." Akamwelekezea Shaibu ile sindano. "Yule pale, umemwona? Kesho ukisema, keshokutwa atakaa kitako. Basi njoo wewe umweleze. Mwambie ni kwa ajili ya kipimo."

Bi Thuwaiba hakumwambia mtu mwingine. Waja wema nao huogopa njaa. Kwa siku kadhaa alisema macho yanamuuma, hivyo hawezi kushona ukingo. Makapu yakarundikana mlangoni. Akisimama kusali husahau rakaa. Akifunga macho kulala, usingizi haukumjia. Wajane wakamletea maji ya mwarobaini aoshe macho, akayaosha mbele yao, naye anajua kuwa macho yake yalikuwa mazima na yaliona kila kitu.

Siku moja alikwenda sokoni kununua chumvi. Penye duka la nafaka alisimama mwanamke wa mashambani, aliyekonda, ametandaza ubeleko wake, nguo ya kubebea mtoto, apokee mtama. Kijana wa duka alimimina kapu, punje chache zikadondoka mchangani. Mwanamke yule akapiga magoti akaziokota moja moja, akazipuliza vumbi. Jirani yake alimwuliza kama ametazama vizuri kipimo, maana wauzaji wa mwaka huu hawana dini. Yule mwanamke akacheka.

"Mimi sina wasiwasi," alisema. "Kapu la Bi Thuwaiba hili. Huoni uzi?"

Bi Thuwaiba aliiacha chumvi pale kwa muuzaji. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kadhi wa mji, Sheikh Muhyidini, aliyemkuta barazani amemaliza darasa, akaketi kwa adabu na kumweleza tangu mwanzo, hata ule uongo wa macho.

Sheikh akauliza, "Uliyoyashuhudia siku ile yalikuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli, Sheikh."

"Basi huna dhambi ya shahada ya uongo."

"Na leo je? Uzi ule bado unasema sokoni kwa jina langu, na mimi najua unachosema."

"Tangu ulipojua umekaa siku ngapi?"

"Nyingi kuliko ninavyopenda kuzihesabu."

Sheikh akavua kilemba, akakiweka pajani kama mtu aliyechoka. "Unajua nikishayasikia haya nitalazimika kufanya nini?"

"Utayakata makapu yote."

"Na wajane watakula nini?"

"Sijui, Sheikh. Ndiyo sababu sikuja mapema."

Sheikh Muhyidini alikuwa mtu mwadilifu, na hakumwahidi kitu asichokuwa nacho. Kesho yake alikwenda sokoni na pishi ya mbao, akapima mbele ya watu, na kila kapu lililopungua akalikata kwa kisu kutoka ukingoni hadi kitakoni. Watu walipiga kelele. Wafanyabiashara walipiga kelele zaidi. Wakasema wajane wamewahadaa, wamewachafulia majina. Bwana Faki ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Alipoulizwa kama alijua, akaapa msikitini kuwa hakujua, na kwa kuwa hapakuwa na shahidi zaidi ya mwanamke mmoja aliyekubali kosa lake mwenyewe, kiapo chake kikapokewa. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Hapa duniani aliondoka na ghala lake na heshima yake.

Tangu siku hiyo nafaka ikapimwa kwa pishi ya mbao, polepole, kwa foleni, na hapakuwa na mtu aliyetaka kapu kutoka Mtaa wa Wajane. Hata kapu la kubebea nguo hawakulitaka. Sheikh aliwapelekea nafaka ya sadaka kutoka msikitini. Ilikuwa kidogo, ikaisha, akapeleka nyingine, ikawa ndogo zaidi. Ramadhani iliingia, na mwezi ule wajane hawakuona tofauti kati ya daku na futari, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa maji na mizizi ya ming'oko ya mwituni iliyochemshwa.

Wanawake wale waliosuka pamoja miaka yote waliacha kumsalimu. Wengine walihamisha njia ili wasipite mlangoni pake. Mwana Esha hakuhamisha njia. Alisimama mlangoni penyewe, Shaibu mgongoni, mtoto wa umri wa kukimbia.

"Amekaa kitako," alisema. "Nilikwambia atakaa. Akifa, sitamwita mwosha maiti. Nitakuja kukuita wewe, umwoshe kwa mikono yako."

"Nipe nimbebe kidogo, Esha."

"Umeshambeba vya kutosha."

Shaibu hakufa. Lakini hakutembea tena mwaka ule, na alipokuja kutembea, miguu yake ilikuwa imepinda, ikabaki hivyo mpaka uzeeni.

Bi Thuwaiba alijua kuwa kukatwa kwa makapu kumezuia dhuluma ya mbele tu. Ile iliyopita ilikuwa bado iko matumboni mwa watu waliokosa chao, na haki ya mja haifutwi kwa toba ya juu ya mswala. Akawa anakwenda kila siku baada ya alasiri, amefunga Ramadhani, kusimama mlangoni mwa soko. Kila aliyepita na kikapu cha nafaka alimwambia, "Kama ulipimiwa kwa kapu langu mwaka huu, ulipimiwa pungufu. Naomba unihalalishie."

Wengi walimhalalishia. Wengine walipita kama hawakusikia. Mwanamume mmoja alimwambia, "Mimi nilipimiwa pungufu, nami nikamlipa Faki kwa sarafu zilizopunguzwa ukingoni, kwa hiyo tumelipana," watu wakacheka, naye Bi Thuwaiba akangoja kicheko kiishe ndipo akarudia ombi lake kwa aliyefuata. Kuna aliyemtemea mate miguuni. Aliyapangusa, akaendelea.

Ndipo akapita yule mwanamke wa mashambani aliyeokota punje mchangani. Aliitwa Mwavita. Safari hii hakuwa na ubeleko begani. Bi Thuwaiba alimwambia maneno yale aliyomwambia kila mtu. Mwavita alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yote yalikuwa hivyo? Hata ya mwezi wa Rajabu?"

"Hata ya Rajabu."

"Mwezi wa Rajabu nilinunua kapu moja. Nikagawa kibaba kwa kibaba, nikasema litatufikisha kwenye mavuno ya kunde. Sisi tulizoea kapu lako, tunajua ni siku ngapi. Halikufika. Nikawapiga watoto, nikidhani kuna mwizi kati yao. Nikaja tena Shaabani kununua jingine, siku ile wanakumbuka watu hapa, niliokota hata punje. Nilipofika nyumbani mdogo alikuwa ameshazidiwa. Ule mtama hakuula."

Bi Thuwaiba alitaka kushika mkono wake, akaona hastahili. "Jina lake nani?" aliuliza.

"Unalitakia nini?"

"Nimwombee."

"Mwombee bila jina. Mola anamjua. Wewe usimjue."

Akachukua njia ya mashambani. Hakumlaani, wala hakumhalalishia. Bi Thuwaiba alimfuata mara mbili katika mwaka ule mpaka kijijini kwake, akakaa mbali na nyumba yake kuanzia asubuhi, na mara zote mbili Mwavita alimpelekea maji ya kunywa kwa mkono wa mtu mwingine, lakini yeye hakutoka. Bi Thuwaiba alikufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, deni lile likiwa halijasamehewa, naye hakuwahi kusema kwamba alionewa.

Idi ilipita bila nguo mpya. Mji ulipoanza kujenga tena kuta zilizoangushwa na masika, wachoma chokaa walihitaji makapu ya kubebea chokaa. Hii ni kazi ya chini kuliko zote za ukindu. Kapu la chokaa halina rangi wala ukingo, huliwa na chokaa likachakaa upesi, na husukwa kwa mabaki ya ukindu yaliyokataliwa na kazi nyingine. Mara nyingi msukaji huletewa lile la zamani alitie kiraka, na vumbi lililobaki ndani hupasua vidole mpaka damu. Bi Thuwaiba aliwaendea wachoma chokaa akaomba kazi hiyo. Wakampa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Akawa anakaa barazani kwake peke yake anashona. Ukindu aliuanika juani hadi mwisho, ingawa ni kapu la chokaa na hapana atakayepimiwa chochote kwalo. Wachoma chokaa walimlipa kwa muhogo. Alikula kidogo, uliobaki akauweka kwenye milango ya wenzake kabla hawajaamka, na hakubisha hodi. Baadhi yao waliula. Mmoja aliutupa mbele ya watu, kisha akaonekana baadaye anauokota.

Asubuhi moja Mwana Esha alitoka nyumbani kwake na sindano na mzigo wa kili alizosuka mwenyewe. Alimweka Shaibu chini kwenye kivuli cha ukuta. Akasimama mbele ya baraza. Bi Thuwaiba aliacha kushona, akainua uso.

"Karibu, Esha."

"Usinikaribishe," alisema Mwana Esha. "Sikuja kukusamehe."

"Najua."

"Nimekuja kushona. Sogea."

Bi Thuwaiba akasogea. Wakashona mpaka adhuhuri, na kwa kadiri tulivyopokezwa, hawakusemezana jingine siku ile.

Basi ndugu zangu waumini, haya ndiyo yaliyotufikia. Lau kungekuwa na hazina iliyofukuliwa, au tajiri aliyetubu akalia, tungeyapokea kwa furaha na kuyaandika, lakini hayamo. Kilichomo ni kwamba wajane wengine walikuja mmoja mmoja nyuma ya Mwana Esha, wakaishi miaka kadhaa kwa makapu ya chokaa na vidole vilivyopasuka, na walioishi waliishi. Tunaambiwa subira huleta faraja, na Mola hasemi uongo. Ila hakutuambia italetwa lini, wala italetewa nani kati yetu. Mwenye chakula ndani akisema kweli hapotezi kitu, na huenda ndiyo sababu wengi wetu tunajiona wakweli. Tumwombe Mwenyezi Mungu, siku sufuria ikiwa tupu na ukweli ukiwa ndio kifuniko chake, atupe nguvu ya kuuinua, kisha atupe nguvu nyingine ya kukaa na wale watakaolala na njaa kwa sababu yetu. Amina.